Sabato, Dominika na Mana ya Siku Mbili

Masomo: Kum 5:12–15, 2 Kor 4:6–11, Mk 2:23 – 3:6



Masomo tuliyoyasikia ni ya Dominika ya 9 ya Mwaka B. Husikika kwa nadra katika makanisa yetu, kwa kuwa Dominika hiyo mara nyingi humezwa ama na Kwaresima ama na sherehe zinazofuata Pentekoste. Ni hasara, maana yanatuwekea pamoja amri ya Sabato kama Musa alivyoitoa na ugomvi wa Sabato kama Mwinjili Marko alivyousimulia.

Na tuanze na swali la watoto, ambalo makatekista wetu wa mjini na wa shamba wanalifahamu vyema. Katekista akisoma katika Injili ya Yohane, sura ya 20, kwamba Maria Magdalena alifika kaburini siku ya kwanza ya juma, haukawii mkono wa mtoto kuinuka: Mwalimu, siku ya kwanza si Jumamosi? Mbona basi ufufuko twausherehekea Jumapili? Mtoto huyo asikemewe, kwa sababu hesabu yake ni sahihi. Mosi ni moja, na pili ni mbili. Kiswahili huhesabu siku kutoka Ijumaa, siku ya watu kukusanyika, na inayofuata ndiyo mosi, kisha pili, hadi tano; halafu huja Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni ya tano, maana Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Hivyo juma la Waswahili lina siku mbili za tano, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, zinakaa jirani wala hazigombani. Wayahudi huhesabu siku zao kwa namba, ya kwanza hadi ya sita, na ya saba peke yake ndiyo yenye jina: Shabati, ambayo sisi twaiita Sabato. Kwao siku zote sita huielekea Sabato. Yohane alihesabu Kiyahudi. Siku yake ya kwanza ni ile inayofuata Sabato, yaani hii yetu tunayoiita Jumapili kwa lugha ya sokoni na Dominika, siku ya Bwana, kwa lugha ya Kanisa.

Tumesema Kanisa. Neno hilo limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nalo katika Kiarabu limetoka katika Kiaramayo, lugha aliyoisema Bwana wetu nyumbani kwao Nazareti. Na katika Kiaramayo maana yake ni mkusanyiko, na ndilo lililotumika kwa sinagogi. Basi kila Mkristo wa pwani hii anaposema anakwenda kanisani, hutamka neno ambalo Wayahudi walilitumia kwa nyumba yao ya sala siku ya Sabato.

Liko na jambo la tatu, ambalo wenzetu wa Ulaya hulishangaa ila mtu wa Unguja hana haja ya kufundishwa. Bibi wa Kiunguja akikuambia usiku wa Ijumaa, ana maana ya Alhamisi usiku, kwa sababu kwake siku huanza jua linapotua. Ndivyo ilivyo kwa Wayahudi: Sabato yao huingia Ijumaa magharibi na kutoka Jumamosi nyota zinapoonekana. Nalo Kanisa halikuuacha urithi huo. Misa ya Jumamosi jioni ni Misa ya Dominika kamili, kama kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inavyotambua, wala si punguzo lililobuniwa kwa ajili ya wanaopenda kulala asubuhi.

Sasa tuingie ndani ya Sabato yenyewe. Jina lake latokana na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kukoma, kuacha. Amri hiyo imeandikwa mara mbili katika vitabu vya Musa, na sababu zinazotolewa hazifanani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, Israeli anaagizwa kukoma kwa sababu Mungu mwenyewe alikoma baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati, ambalo ndilo somo letu la leo, sababu ni nyingine: ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri, na Bwana akakutoa huko. Kwa ajili hiyo amri inawahesabu mmoja mmoja wale wanaotakiwa kupumzika: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Kisha yaongezwa maneno ambayo hayamo katika kitabu cha Kutoka: kusudi la amri ni mtumwa na mjakazi wapate pumziko lile lile alipatalo bwana wao. Sisi Waswahili tuna methali ya mgeni siku mbili na ya tatu mpe jembe. Musa hamnyang'anyi mgeni jembe, lakini siku ya saba anaamuru liwekwe chini.

Akina mama wameuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini mke hakutajwa katika orodha hiyo. Wafafanuzi wengi hujibu kwamba yumo katika neno wewe, maana amri inasemwa kwa wenye nyumba wote wawili. Jibu hilo lingekuwa la maneno matupu kama desturi ya Wayahudi isingelithibitisha. Chakula cha Sabato hupikwa kabla jua halijatua, na baada ya hapo moto hauwashwi; kwa desturi, mama wa nyumba ndiye awashaye taa za Sabato, na taa hizo zikishawaka kazi yake imekoma. Wala si lazima kusafiri mpaka Yerusalemu kuyaona hayo. Karibu na Mbale, nchini Uganda, wapo Waafrika waitwao Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, kiongozi mashuhuri wa Kiganda aliyeishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, waliobaki walisali kwa siri. Hadi leo taa zao za Ijumaa jioni huwashwa katika kilima cha Nabugoye.

Ndugu wapendwa, ni vema tuyajue hayo kabla ya kuifungua Injili, kwa sababu wahubiri wengi, na hata vitabu vingine vya zamani vya dini, vimewachora Mafarisayo kama watu wapumbavu waliopenda sheria na kuwachukia watu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, ulitukataza kuwafundisha waamini wetu namna hiyo. Walimu wa Kiyahudi walijua kwamba uhai wa mtu huitangulia Sabato. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, sura ya 2, kinasimulia jinsi watu wapatao elfu moja walivyokubali kuuawa siku ya Sabato kuliko kuinua silaha, na jinsi Matathia na wenzake walivyoamua, baada ya msiba huo, kwamba akishambuliwa mtu siku hiyo na ajitetee. Baadaye walimu wao waliorodhesha aina 39 za kazi zilizokatazwa, lakini wakafundisha pia kwamba palipo na hatari ya kifo makatazo hayo yanaondoka. Basi Yesu anapowaambia kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu, hawaletei jambo ambalo walimu wa Israeli hawakulijua. Yesu ni Myahudi anayejadiliana na Wayahudi juu ya kitu ambacho wote wawili wanakipenda. Luka anatuambia kwamba kuingia sinagogini siku ya Sabato kulikuwa desturi yake.

Ugomvi basi ulikuwa wapi? Ulikuwa katika mkono. Mtu yule wa sinagogini hakuwa katika hatari ya kufa. Mkono wake ulikuwa umepooza jana na juzi. Angeweza kungoja mpaka kesho yake. Mwenye kushika sheria kwa uaminifu angeuliza: kuna haraka gani? Mtakatifu Yeronimo ameandika kwamba katika injili moja iliyotumiwa na baadhi ya Wakristo wa asili ya Kiyahudi, mtu huyo alikuwa mwashi, mwenye kuitafuta riziki kwa mikono yake. Injili hiyo si miongoni mwa zile nne, nasi hatuifanyi msingi wa imani, ila jambo lenyewe ni rahisi kulielewa kwetu Mji Mkongwe, tunakowaona waashi wakichanganya chokaa na kupanga mawe katika kuta za nyumba za kale. Mwashi asiye na mkono hana siku sita za kazi. Na asiye na siku sita, siku ya saba atapumzika kutoka wapi? Yesu alimrudishia mkono siku ya Sabato ili Sabato iwe na maana kwake. Marko anasema Bwana aliwatazama kwa hasira na huzuni. Kisha anaongeza neno zito: wale walioona si halali kuponya siku hiyo walitoka papo hapo wakashauriana na watu wa Herode jinsi ya kumwangamiza. Shauri hilo halikungoja kesho.

Kutoka hapo hadi Dominika yetu, njia haikuwa fupi kama wengi wanavyodhani. Wanawake waliomfuata Yesu toka Galilaya walimwona akizikwa, wakatayarisha manukato, kisha wakatulia siku nzima ya Sabato kwa kutii amri. Pasaka ya kwanza iliisubiri Sabato iishe. Kitabu cha Matendo, sura ya 20, kinatuonyesha Wakristo wa Troa wakikusanyika siku ya kwanza ya juma ili kuumega mkate. Ndiko kijana Eutiko alikosinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, kwa kuwa Paulo alikuwa ameendelea kuhubiri hadi usiku wa manane, jambo ambalo sisi mapadre na makatekista tungelifikiri zaidi. Kuelekea katikati ya karne ya 2, mtakatifu Yustino aliandika huko Roma jinsi Misa ya siku ya jua ilivyoadhimishwa, na anayeisoma habari ile anaitambua Misa yetu hatua kwa hatua.

Tunayasema haya pia kwa ajili ya wale wanaoulizwa na ndugu zetu Wasabato, ambao wamekuwa wakihubiri nchini mwetu tangu walipofika Upare mwaka 1903, kwa nini Wakatoliki waliihamisha siku. Ndugu hao wana moyo wa kuishika amri ambao wengi wetu twaukosa, nao wajibiwe kwa heshima. Jibu ni kwamba Kanisa halikuichukua Jumamosi na kuiita Jumapili. Dominika ni siku nyingine, siku ya Bwana kufufuka, na Wakristo waliiadhimisha kwa karne mbili na nusu na zaidi pasipo likizo yoyote. Wengi wao walikuwa watumwa na vibarua. Walikusanyika kabla ya alfajiri au baada ya jua kutua, kisha wakaenda kazini kama watu wengine. Ni mwaka 321 ndipo Kaisari Konstantino alipoamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku hiyo, akawaacha wakulima waendelee na mashamba yao. Polepole Kanisa likairithisha Dominika pumziko la Sabato, pamoja na sababu yake: mlikuwa watumwa. Kanisa la Ethiopia lilichagua njia yake, maana baada ya mabishano ya miaka mingi mtaguso wa Debre Mitmaq, mwaka 1450, wakati wa mfalme Zara Yaqob, uliamua siku zote mbili ziheshimiwe, Sabato na Dominika.

Kama iko mahali ambapo sababu hiyo ya Musa haipaswi kusomwa kwa haraka, ni Zanzibar. Pale Mkunazini lilikuwapo soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake ndugu zetu Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu. Hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa kisheria visiwani humu hadi mwaka 1897. Wamisionari wetu wa kwanza, walioletwa na Padre Armand Fava kutoka kisiwa cha Réunion mnamo Desemba 1860, walianza kazi kwa kuwakomboa watoto waliouzwa katika mji huu huu. Wanahistoria wa mashamba ya karafuu wanaeleza kwamba desturi ilikuwa mtumwa amlimie bwana wake siku tano, na Alhamisi na Ijumaa ziwe zake. Anayesikia juu juu atadhani mtumwa huyo alikuwa na sabato mbili kwa juma, zaidi ya Wayahudi wenyewe. Lakini siku hizo mbili alizitumia kulima konde yake, apate muhogo wa kula siku zile tano. Aliachwa huru apate kujilisha, ili bwana wake asimlishe.

Hapa ndipo tungependa kukaa kidogo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kabla Israeli hajafika Sinai na kabla ya amri yoyote kuandikwa juu ya jiwe, Mungu aliwafundisha Sabato kwa mana. Kila siku waliokota ya siku moja, na iliyobakizwa ilioza. Siku ya sita waliokota ya siku mbili, na hiyo haikuoza. Mungu hakusema: siku ya saba mtapumzika, shauri yenu mtakula nini. Alitoa kwanza mana ya siku mbili, ndipo akawataka wakome. Siku ya mapumziko isiyo na chakula chake ni ile Alhamisi ya mashamba ya karafuu.

Tuje basi nyumbani mwetu. Waamini wa Jimbo la Zanzibar ni wachache, na wengi wetu tumetoka bara kutafuta kazi: walinzi, wapishi, walimu, askari, mafundi, wahudumu wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Tumezoea kujiona kuwa sisi ndio wanaonyimwa siku, na mara nyingine ni kweli. Lakini wengi wetu nasi tumeajiri. Mama anatoka Misa ya asubuhi pale Minara Miwili, amevaa vizuri, amekomunika; akifika nyumbani anakuta chai mezani na nyama imeshatiwa viungo kwa ajili ya wageni wa mchana. Aliyeyafanya hayo ni msichana wa kazi wa miaka kumi na saba kutoka bara, aliyebatizwa na kupata kipaimara kama mama huyo, na tangu afike Unguja hajaliona kanisa kwa ndani. Tumekwisha kuwauliza waajiri wa namna hiyo: binti huyu anasali Misa ipi? Jibu ni karibu lile lile kila mara: hajaomba ruhusa. Mjakazi wa Kumbukumbu la Torati naye hakuomba ruhusa. Amri haikumngoja aombe.

Na kama binti huyo ni Mwislamu, Dominika yetu si siku yake ya sala, lakini ni siku yake ya kukoma ikiwa sisi tunakoma. Naye kijana wa bustani anayetaka kwenda msikitini Ijumaa adhuhuri asihesabiwe dakika. Tusidhani kwamba kumpa nafasi mwenye dini nyingine ni kupoteza sehemu ya Dominika yetu. Mgeni aliye ndani ya malango, katika orodha ya Musa, si lazima awe wa dini ya mwenye lango.

Yuko pia kibarua anayelipwa kwa siku: hamali wa Malindi, msaidizi wa fundi, mama anayefua nguo nyumba kwa nyumba. Huyo tukimwambia, Jumapili pumzika kwa jina la Mungu, na malipo ya siku hiyo hayapo, tumempa njaa na kuiita ibada. Anayemwajiri mtu kwa juma zima na amlipe siku sita kwa kipimo kitakachomfikisha siku ya saba. Hatujui njia nyingine ya kuitafsiri mana ya siku mbili katika shilingi.

Kwa walio upande wa pili, wanaopangiwa zamu Dominika baada ya Dominika na hawana sauti, tunasema hivi. Katekisimu, katika namba 2185, inatambua kwamba mahitaji ya familia na huduma muhimu kwa watu vinaweza kumwondolea mtu wajibu wa kupumzika siku hiyo. Mlinzi aliyeko langoni hatendi dhambi kwa kukaa langoni. Lakini asizoee. Aitafute Misa ya Jumamosi jioni. Akiikosa, asome masomo ya siku pamoja na wenzake, hata kama ni wawili jikoni, kabla ya wageni kuamka. Mwaka 304, katika Afrika ya Kaskazini, nchi inayoitwa leo Tunisia, Wakristo 49 wa mji wa Abitina walikamatwa kwa sababu walikusanyika kwa ajili ya Ekaristi ya Dominika, nao waliungama mbele ya hakimu kwamba pasipo Ekaristi hiyo hawawezi kuishi. Na kwetu, Dominika tarehe 17 Februari 2013, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akienda kuadhimisha Misa ya asubuhi. Waamini waliokuwa wakimngoja hawakupata Misa siku ile. Dominika iliyofuata milango ya makanisa yetu haikufungwa kwa hofu.

Jambo la mwisho ni kwa makatekista. Mtakapozungumzia masomo haya katika Jumuiya Ndogo Ndogo, msianze na suala la Jumamosi na Jumapili, maana litawala saa nzima. Anzeni kwa kuuliza kila nyumba ina watu wangapi wanaofanya kazi ndani yake, na kila mmoja wao anakoma siku gani. Mkipata nafasi, tajeni pia jambo tuliloliona katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Walinzi wawili, mmoja Mkristo wa kutoka bara na mmoja Mwislamu wa pale pale kijijini, walikuwa wakinung'unika kila mmoja kivyake. Kisha wakakaa kitako. Mkristo akachukua Ijumaa mchana zote za mwaka, na mwenzake akachukua asubuhi zote za Dominika. Mwenye hoteli, ambaye hakuwa wa dini ya yeyote kati yao, alipoona lango halikosi mlinzi hata saa moja, aliuandika mpango wao katika orodha ya zamu na kuwatilia sahihi.